Goti Langu na Bega la Baba Yako

Kiseke, Jumapili

Kwako Florian, mume wangu uliyekimbilia Bukoba,

Huku mvua inanyesha, kuku wametaga, na goti langu limevimba kama papai. Najua hukuliulizia, nakuambia tu.

Ujumbe wako nimeusoma. Eti nije huko nipige magoti mbele ya ukoo, kwa sababu mimi, mkamwana, nilimshika baba mkwe bega, na kwenu kumgusa mkwe ni mwiko. Florian, daktari alikueleza wewe mwenyewe, nawe ukaitikia kwa kichwa kama msomi: kano imechanika, goti lina uvimbe ndani, niweke barafu, mguu ukae juu ya mto, na kupiga magoti ni marufuku. Baba yako alipofika ukaninong'oneza, "Msalimie kwa heshima, usiniaibishe." Nikapiga magoti. Kunyanyuka nikashindwa, nikayumba, na wewe uliyekuwa pembeni yangu ukakohoa. Ulitaka nishike nini, kikohozi chako?

Mzee mwenyewe alisema, "Pole, mama," akaninyanyua. Aliyeona aibu ni wewe, ukaibeba hadi kwa shangazi zako.

Juzi hospitali wamenivuta maji gotini kwa sindano. Anayenifunga barafu ni Sada, jirani yetu. Hupiga magoti sakafuni kila jioni, na wala si mke wa mtu wa ukoo wenu.

Basi, siji. Kama ukoo unataka kuona mtu akipiga magoti, wewe unayo mawili, yote mazima.

Ni mimi, ninayesimamia mguu mmoja,
Kokulinda