Mwanangu Hatoki Baharini

Malindi,
Lushoto.
10 Februari 2025

Kaka yangu mpendwa Athumani,

Assalaam aleykum, na shikamoo yangu ikufikie huko Songea. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia, au umeiweka tu kabatini? Wifi Saumu naye hajambo? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo ujue yu salama.

Plamsi mwaka huu zimezaa hadi matawi yanakatika. Viazi ndivyo vimetuangusha, lakini kabichi zimetoka nzuri na tumeshaanza kutayarisha mashamba ya masika.

Haya, tuje kwenye lile ulilonituma. Uliniagiza nishuke Tanga nikamrudishe Shamsa, aache kazi ya kuzamia, kwa sababu washenga wa kijana wa Mnazi wamekupigia simu na sharti lao ndilo hilo: hawataki mke anayevaa nguo ya mpira na kuzama na wanaume. Ukasema wewe ndiye mjomba na umeshaamua. Kaka, nimekwenda. Kurudi naye, sikurudi naye.

Tuliondoka mimi na Nassoro siku ya Ijumaa, nami nimebeba begi tupu la kufungia vitu vya dada yake. Sikufichi, nilikuwa upande wako. Sisi ni watu wa milimani, maji tunayoyajua ni ya mtoni na ya ndoo. Tangu baba yao afariki, kila simu ya usiku ikilia nilikuwa najua bahari imeshanimezea mtoto.

Jumamosi asubuhi Shamsa akaniambia, "Mama, begi nimeliona. Njoo kwanza uone unachotaka nikiache, halafu tutafunga." Nikaona hiyo ni haki yake.

Kazi yao ni hii. Wavuvi wa baruti walilipua miamba ya pale mpaka samaki wakahama. Sasa Shamsa na wenzake wanatengeneza miamba mingine kwa saruji, mfano wa vyungu vikubwa vilivyofudikizwa, vyenye matundu. Wanaizamisha, kisha wanapandikiza juu yake vipande vya matumbawe, kimoja kimoja, kama sisi tunavyohamisha miche kutoka kitaluni. Wageni hulipia kwenda kuitazama, pamoja na tishari la chuma la kubebea mizigo lililozama hapo jirani zamani.

Asubuhi nzima alinifundisha kupumua kwa mtungi kwenye maji ya kiunoni. Na hiyo nguo ya mpira mnayoisema sana, inafunika kuanzia shingoni hadi vifundoni, na kichwani nilivaa kofia yake. Nilijisitiri kuliko nusu ya wanawake waliokuja kwenye harusi ya Nassoro.

Tukashuka, Shamsa amenishika mkono. Masikio yaliuma, nikabana pua na kupuliza alivyonielekeza, yakazibuka. Huko chini nikakuta vyungu vyao vimeota matumbawe yaliyojikunja kama koliflawa, na samaki wa manjano wanaingia na kutoka. Mwanangu analima, kaka, ni shamba lake tu lililolowa. Nilisahau hata kuogopa.

Hapo ndipo nilipofanya la kufanya. Mzee Fanueli, msimamizi wao, mtu wa umri wa marehemu baba, alikuja akasimama mbele yangu kukagua mtungi wangu. Wewe unajua tulivyolelewa, mkubwa humpiti bila kumwamkia. Nikatoa mpira wa kupumulia mdomoni nimpe shikamoo yake! Maji ya chumvi yakanijaa, nikawa napigapiga mikono, nikajua sasa nakufa, tena nakufa kwa adabu.

Shamsa hakutaharuki. Alinirudishia mpira mdomoni, akabonyeza kitufe maji yakatoka, akanishika mabega, akanikazia macho mpaka pumzi yangu ikafuata yake. Hakuniachia nikimbilie juu, maana anayekurupuka huku amebana pumzi hupasuka mapafu. Nimemzaa mtoto yule, nimembeba mgongoni nikipalilia maharage, lakini siku ile ndiyo niliyomwona. Nililia ndani ya miwani ile, na sioni aibu.

Juu ya boti Nassoro akasema, "Inatosha mama, twende nyumbani." Nikamwambia atangulie yeye. Jumapili nilishuka tena, mpaka kwenye tishari, nikaligusa kwa mkono wangu. Chewa mmoja mkubwa alinichungulia kutoka mlangoni kama mwenye nyumba aliyechoka wageni.

Najua unasema watu watasema. Wameshaanza, maana Nassoro alipiga picha. Waseme, midomo ni yao. Mimi nilipoozwa mume nilikuwa naipenda shule, na wewe ulijua, ukanyamaza. Nimekusamehe zamani. Lakini kwa Shamsa sinyamazi, na wala sikuombi ruhusa.

Washenga walifika hapa Alhamisi, wazee watatu na kanzu zao. Niliwakaribisha chai na mapeasi. Wakataka jibu, nikawapa jibu kama mila yetu inavyotaka, kwa neno la mjomba. Niliwaambia mjomba wake amekataa. Hawakubisha hata kidogo, nani hapa kwetu anabishana na mjomba? Waliaga vizuri wakaondoka. Kama unalo neno jingine, mabasi yapo. Panda, uje ulisemee hapa barazani mbele yao na mbele ya mama, nami nitakuwapo.

Nisalimie wifi Saumu na watoto wote, na Bakari mwambie shangazi yake anamwekea peasi. Mama anakuombea dua kila baada ya swala, hata siku anazokulaumu. Mwenyezi Mungu akupe afya, akurefushie umri, na akulainishe moyo.

Shamsa anakuamkia sana. Nilimweleza kwa simu kwamba mjomba wake ndiye aliyewakatalia wale wazee. Alilia, kaka. Anasema hakujua kama unampenda kiasi hicho.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,
Mwanahawa