Nilimjibu Kama Mteja

Shangazi mpendwa wa ukurasa wa ushauri,

Naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nikimweleza mtu wa hapa sokoni basi kabla jua halijazama habari itakuwa imefika kwa wauza kuku, na nyumbani sina wa kumweleza isipokuwa binti yangu, naye ndiye nisiyetaka ajue, kwa hiyo umebaki wewe ambaye hunijui.

Mimi ni mjane, nina meza ya mboga pembeni mwa soko, upande wa mafundi, na hapa si kwetu, nililetwa na ndoa nikiwa msichana, na siku ya kwanza jikoni kwa mama mkwe niliomba wanipe tungule nizikatekate, wifi zangu wakacheka mpaka wakashika ukuta, mama mkwe akaniambia kwa upole kabisa, "Hapa tunasema nyanya, mwanangu," na kuanzia siku hiyo nikasema nyanya, na mbatata nikaziita viazi ulaya, na pojo zikawa choroko, na kotmiri ikawa giligilani, sikugombana na mtu, nilikuwa mgeni na nilitaka kukaa vizuri na watu, ndivyo tulivyolelewa.

Mume wangu alipofariki nikaingia sokoni, na mama aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, sharti lake la kwanza lilikuwa hili, mteja harekebishwi, akisema bilinganya nawe sema bilinganya, akisema biringani sema biringani, akija wa ngogwe usimwambie hizo ni nyanya chungu, mpe ngogwe zake aende, maana mtu akisahihishwa jina la mboga anaona aibu na kesho anakwenda meza nyingine, na kweli Shangazi, soko letu lina watu wa kila mahali, asubuhi viazi vile vile naviita viazi mviringo kwa huyu, mbatata kwa yule, viazi ulaya kwa wa tatu, sikosei, mdomo umeshazoea, yaani mtu akisimama tu mbele yangu nasubiri kwanza aseme yeye ndipo nijue mimi nasemaje.

Sasa mwaka jana akahamia fundi makochi kwenye kibanda kinachotazamana na njia yetu, mtu mzima wa makamo, mpole, kazi yake kuvua makochi yaliyochakaa na kuyavisha upya, akija kununua utakuta chembe za sponji kwenye nywele na ndevu, na misumari midogo ameibana mdomoni akisahau kuitoa, ndiyo maana mwanzoni alikuwa ananyoosha kidole tu, nami nasubiri aseme ili nimfuate, hasemi. Siku moja akatoa misumari yake mdomoni, akashika nyanya moja, akaniuliza, "Dada, hii kwenu mnaiitaje?"

Nikamwambia nyanya.

Akasema, "Hiyo ni ya hapa. Mimi pia si wa hapa, kwa hiyo usinidanganye. Nauliza kwenu."

Shangazi, nilisimama na mfuko mkononi kama niliyeulizwa jina la baba yangu nikalisahau, halafu nikasema tungule, polepole, nikiogopa jirani asisikie, na lile neno lilinitoka na jiko la mama yangu lote, na sauti yake akiniita nikaoshe tungule, nikajifanya moshi wa wachoma mahindi umeniingia machoni. Yeye hakucheka wala hakusema kumbe ni neno zuri, alisema tu, "Haya, nipimie tungule." Kesho yake akaja na mbele ya watu wote akaagiza tungule, watu wakageuka, yeye hana habari. Kisha akauliza viazi, akauliza choroko, akauliza giligilani, kila siku neno moja, na hakosei hata moja, jirani yangu wa meza ya vitunguu na ndimu, ambaye tunamwita Redio na utajua kwa nini, akaanza kutangaza, "Huyu anakuchumbia kwa mboga, shoga yangu, wenzako huletewa khanga."

Mimi nikawa nakanusha huku moyoni nafurahi, maana nisikufiche, nilianza kuamka na hamu ya kwenda kazini, nikawa namchagulia zile tungule ngumu anazopenda naziweka pembeni chini ya gunia, na asipokuja hadi jioni zinalegea, kesho yake nawauzia wanaopika siku hiyo hiyo, na mimi siku hiyo silali vizuri. Hajawahi kunitamkia jambo, wala mimi sijawahi. Aliniambia tu siku moja kwamba yeye na mkewe waliachana zamani na watoto wake wameshakuwa watu wazima, akaniambia hivyo mwenyewe bila mimi kuuliza, nami nikamwongezea pilipili.

Wiki mbili zilizopita akaja wakati wa manyunyu, nilikuwa nafunika meza kwa turubai, hakuwa na kikapu, akawa anageuzageuza tungule bila kuchagua, akasema kaka yake amepata karakana kubwa mji mwingine na anamwita wakafanye kazi pamoja, ahame mwisho wa mwezi. Akasema, "Sijamjibu bado." Kisha akanitazama. "Wewe unasemaje?"

Na mimi, Shangazi, mwanamke mzima, nikatabasamu lile tabasamu la biashara nikamwambia, "Mimi nitasema utakavyosema wewe, fundi."

Aliirudisha ile tungule mahali pake, taratibu, akasema, "Haya dada," akaenda zake kwenye manyunyu.

Tangu siku hiyo hajaja tena. Redio anasema amemwona anajaza sponji kwenye magunia na fremu za makochi amempa fundi mwenzake. Nimepita mbele ya karakana yake mara kadhaa nikijifanya natafuta mifuko, nikisikia nyundo inagonga moyo unatulia, nageuka narudi, sijawahi kuingia. Namkosa. Namtamani mtu huyu, naomba radhi kuliandika hivyo kwenye gazeti linalosomwa na watoto, lakini ndiyo hali yenyewe.

Sasa nimechanganyikiwa, kwa sababu kuna wakati najiuliza labda si yeye ninayemtaka, labda nataka kwetu tu, maana nikimpigia simu dada yangu aliyebaki nyumbani ananicheka, anasema siku hizi nazungumza kama mgeni, na huku pia mimi ni mgeni, basi huenda huyu fundi ni mahali pekee nilipobaki na maneno yangu nami naita hayo mapenzi. Tena mwanamke wa umri wangu akiingia karakana ya mwanamume kumfuata, watu watasema nini, wifi zangu bado wapo hapa mjini, na binti yangu ataona nimemsahau baba yake, na Redio ndiyo usiseme. Je, nimfuate au nimwache aende salama? Nifanyeje, Shangazi? Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya.

Ni mimi,
Mwenye Meza ya Pembeni

*

Mdogo wangu mwenye meza,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikitafuta nukta, mara ya pili nikikutafuta wewe. Nimemkuta mama mkwe anaelekeza, wifi wanacheka, marehemu mwalimu wako wa biashara anaweka masharti, Redio anatangaza, na binti ambaye hajui lolote tayari umeshamtungia maneno ya kusema. Wewe nimekukuta sehemu moja tu, pale ulipoandika kwamba unamtamani, na hapo hapo ukaomba radhi. Kisha unamalizia kwa kuniambia kwamba nitakavyosema ndivyo utakavyofanya. Umenijibu na mimi kama mteja.

Pole, nasema kwa dhati. Kuishi nusu ya maisha ukiita kila kitu kwa jina la mwingine kunachosha, na uchovu wake hauonekani kwa mtu, ndiyo maana hakuna aliyewahi kukupa pole. Jikoni kwa mama mkwe ulifanya la busara, na sokoni ulifanya la kazi. Sikulaumu kwa hayo.

Unauliza kama unampenda mtu au unayapenda maneno. Kama ni maneno, dada yako anayo yote, na sijasoma popote kwamba umewahi kupita mbele ya nyumba ya mtu kujifanya unatafuta mifuko ili usikie sauti ya dada yako. Huyu fundi hakuzaliwa na neno hata moja la kwenu. Aliyaokota mezani kwako moja moja, akiwa na kazi zake, na akayasema mbele ya watu bila kujali atachekwa. Hamu ya kwetu ipo, hata mimi ninayo ya kwetu, lakini haimfanyi mtu akose usingizi kwa sababu fundi makochi hakuja kununua.

Hata hivyo nina ugomvi na wewe. Umeandika kwamba naye si wa hapo. Basi nimechambua barua yako nzima nikitafuta kwao wanaziitaje nyanya. Haimo. Viazi kwao ni nini? Haimo. Mwaka mzima mtu anakuuliza kwenu, kwenu, kwenu, na wewe uliyelia kwa sababu umeulizwa mara moja, hukuwahi kumgeuzia swali. Ulikaa ukipokea. Ulijua vizuri njaa hiyo inavyouma, na mwenzako ukamwongezea pilipili.

Na lile jibu la siku ya manyunyu usilivike nguo ya adabu. Ulimtupia mzigo aubebe peke yake, ili akiondoka usilaumiwe na akibaki usidaiwe. Mwanamume mpole akiambiwa vile anaelewa kwamba hatakiwi, anashukuru, anaondoka. Ungekuwa wewe ungeelewa nini?

Basi sikiliza, na safari hii si kwa kunifuata mimi. Binti yako mwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu wa kuku. Mwambie kuna mtu na jina la kazi yake, basi, usimwombe ruhusa. Kumbukumbu ya baba yake haipungui kwa wewe kuwa na mtu wa kuzungumza naye jioni, na kama atanuna, atanuna wiki moja, mtoto wa kike huujua upweke wa mama yake kuliko mama anavyodhani. Wifi zako walicheka zamani na hukufa. Redio mwombe akuangalizie meza, umwambie wazi unakwenda wapi, kwa maana jambo ukilitangaza mwenyewe yeye atabaki hana la kutangaza.

Kisha nenda karakana kwa miguu yako. Usibebe mfuko wa mboga, utajificha nyuma yake. Ingia ndani, usisimame mlangoni. Mwambie uliulizwa ukajibu vibaya, na kwamba unachosema wewe ni kuwa unataka abaki. Kama huwezi kuiacha meza yako kumfuata, liseme hilo pia, usimwahidi usichokuwa nacho. Muulize kwa utulivu habari ya huyo mke waliyeachana naye iliishaje, kwa sababu mtu kujua majina ya mboga zako hakumfanyi kuwa mkweli katika mengine. Na kabla hujatoka muulize kwao. Kaa chini umsikilize, hata kama ana habari ndefu kuliko barua yako.

Huenda ameshamjibu kaka yake. Huenda atakushukuru na bado akapanda gari. Utalia, sitakudanganya, na utarudi sokoni na macho mekundu watu wakuone. Lakini utakuwa umelia kwa ajili ya jambo ulilolisema, na kilio hicho huisha. Hiki ulicho nacho sasa hakiishi, kitakaa nawe kila mtu akisimama mbele ya meza kuchagua.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na ukurasa wangu hutoka Jumamosi. Namba ya simu hukuandika, ningekupigia siku ile ile. Kesho Jumapili ndiyo mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kama umesimama hapo sokoni unanisoma, usiendelee chini, barua inayofuata ni ya mtu aliyegombana na mwenye nyumba wake, haikuhusu. Funika meza, nenda.

Shangazi yako