Picha ya Bure kwenye Gazeti la Ukutani

Masumbwe,
9 Agosti 1994

Kwa Bujiku, rafiki yangu wa Mhunze,

Mwangaluka, ewe mzee usiye na meno ya mbele! Natumaini barua hii inakukuta una nguvu za kunitukana, maana utazihitaji. Mama Mayala msalimie sana, ingawa najua hana hali ya kuitikia salamu. Mimi mgongo unauma na macho yanaona yanachotaka, ila nipo.

Barua yako ilinifikia Jumatatu ya wiki iliyopita kwa mkono wa dereva wa lori la pamba. Nimesoma kwamba mmenyoa nywele, mmechinja dume, na mkweo Scolastika anafungasha vyombo arudi kwao na mtoto. Nimesoma kwamba wiki ijayo unakuja nikuoneshe kaburi la mwanao Mayala, uchukue udongo wake. Na ukanishukuru, Bujiku! Ukaandika kwamba bila gazeti langu mwanao angepotea kama mbuzi. Hapo nikashindwa kula. Basi kaa chini, usome mpaka mwisho kabla hujapanda gari.

Gazeti langu unalijua kwa kusikia tu. Ni karatasi ya manila, naiandika kwa kalamu nene na kuibandika kila Jumapili kwenye ukuta wa studio ya Ramesh, mpiga picha. Darasa la nne langu linatosha kueleza nani kaibiwa ng'ombe na nani kafumaniwa. Padri alisema nitaungua moto wa milele; nikamjibu kwamba na huko watahitaji gazeti. Watu walicheka, lakini hawakusimama kulisoma. Walisema gazeti la Masele ni maneno matupu kama kikao cha kijiji, gazeti la kweli lina picha.

Nikaanza kusaka picha za bure. Nilikata za kalenda, nikaambiwa hao si watu wa hapa. Nikachana moja kutoka gazeti la Dar, mwalimu akanifokea kwamba ile ni mali ya wenyewe, naweza kushtakiwa. Nilimuuliza wakishinda kesi watachukua nini, fimbo yangu? Lakini niliogopa. Mwisho nikaenda kwa Ramesh. Ana boksi la viatu limejaa picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, wengi wachimbaji, leo wapo, kesho wamehamia machimbo mengine. Akaniambia kwamba karatasi ni yake, anaweza kunipa, lakini sura ni ya mtu, nikamwombe mwenyewe. Nikaitikia, ndiyo baba. Kisha nikachagua za wale waliokwisha kuhama, nikijua hakuna atakayekuja kulalamika. Nilijiona mjanja sana. Mama mmoja mwenye kilemba nilimfanya mwizi wa kuku, na hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa sita shimo la dhahabu, duara kama wachimbaji wanavyoliita, lilititia kule porini, vijana watano wakafukiwa chini. Watatu walitolewa na kutambuliwa. Wawili wamebaki humo humo mpaka leo, na majina yao hakuna anayeyajua. Nikaandika habari, nikapekua boksi kutafuta sura ya kuifaa. Nikampata kijana mmoja, kofia upande, mkono kiunoni kama mkuu wa wilaya, anacheka. Nikambandika. Siku hiyo watu walisimama, Bujiku. Wanawake walilia kwa sauti. Na mimi nilikaa kibarazani kwa Ramesh, moyo wangu mweupe kama wa bwana harusi.

Sasa nakiri. Yule kijana sikumjua. Mayala nilimwona mara ya mwisho akiwa anatambaa, ningemjuaje? Wala sikusikia popote kwamba mwenye picha ile amekufa. Neno "marehemu" lililo chini yake ni langu. Niliandika kwa sababu nililiona limekaa vizuri. Mtu wa kwenu alipita, akaitambua sura, akalisoma neno, akakuletea msiba.

Siku ile ile barua yako ilipofika nilikwenda kwa Ramesh. Akafungua daftari lake: Mayala wa Mhunze, kopi mbili, atarudi Jumamosi. Ni ya mwezi wa tano, wiki tatu kabla ya duara kutitia. Ramesh hakunifokea. Aliniuliza tu kama nilimwomba mwenyewe.

Tangu hapo nazunguka machimboni na picha mkononi. Mmoja anasema alimwona akipanda gari la Geita. Mwingine anasema alikuwa kwenye kundi la duara lile. Wa tatu naye alisema Geita, kisha akaniomba sigara, kwa hiyo simwamini. Siwezi kukuambia mwanao yu hai. Siwezi kukuambia amekufa.

Usije kuchukua udongo, hakuna kaburi la kukuonesha. Scolastika mzuie kama bado hajaondoka. Na Mama Mayala mwambie wewe. Mimi sina mdomo wa kumwambia kwamba anayemlilia huenda yu hai, na papo hapo nimwombe asitumaini.

Kesho naelekea Geita na kopi moja. Ya pili nimeitia humu ndani ya bahasha. Ramesh anakumbuka kijana alisema hiyo ni ya kumpelekea mama.

Wasalimie wote wa hapo kwako, hata wasiotaka salamu zangu. Niandikie, japo matusi matupu.

Ni mimi, uliyeniita rafiki,
Masele