Mashine ya Ndani Imekataa Kuamka

Jumatatu, 25 Oktoba 1999

Mvua imetuharibia asubuhi. Nimechuma chai mstari wa juu tu, nikarudi kumpikia Kerubo uji. Hakunywa. Wiki ya tatu sasa mtoto wangu yuko nyumbani. Anakaa kitandani na kile kitabu chake kinene cha Linux, anageuza kurasa kama mtu anayetafuta chawa.

Niandike polepole, hasira isinivuruge. Kerubo alikuwa kazini kwa Mwalimu Nyangau, kwenye chuo chake cha kompyuta pale Kisii mjini. Kompyuta kubwa ya ofisi inaendeshwa na mfumo wa Linux. Lakini programu ya ripoti za wanafunzi, zile ambazo chuo kinazichapia shule za huku, inataka Windows. Kerubo akaweka mashine ndani ya mashine. Ya nje Linux, ya ndani Windows, boksi ni moja. Aliponieleza nikamwambia basi hiyo kompyuta ina mimba. Alicheka sana siku hiyo.

Ilifanya kazi vizuri. Halafu shemeji yake Mwalimu akaja kutoka Nairobi, akaweka Linux mpya bila kuuliza mtu. Ya ndani ikakataa kuamka. Nani akafukuzwa? Kerubo. Eti ameiharibu makusudi.

Namchukia huyo mtu. Naandika wazi. Namchukia.

Alhamisi, 28 Oktoba

Soko. Mwalimu Nyangau amepita kwenye ndizi zetu, suti na kalamu mfukoni.

"Mama Kerubo! Ndizi umeleta. Na mashine yangu utaleta lini?"

Wamama wakacheka. Hata wale ninaowagawia chumvi. Akaongeza, "Mwambie msichana wako kompyuta si jembe."

Jibu lilinijia nikishafika kwetu Kiogoro. Jibu zuri sana, na wa kulisikia alikuwa ng'ombe peke yake.

Nataka aone haya. Nataka aone haya mbele ya watu wale wale.

Jumamosi, 30 Oktoba

Sabato. Sikuomba. Nilikaa benchi la nyuma ya Mwalimu, nikaitazama shingo yake mahubiri yote. Shingo nene. Wimbo wa mwisho tuliimba pamoja, mimi na yeye. Nikaimba kwa nguvu kumzidi.

Baba Kerubo anasema niache. Yeye ni mtu wa kuacha.

Jumanne, 2 Novemba

Kerubo alikuwa Sironga tangu jana. Kuna shule huko, mwalimu mkuu wa kike alimruhusu ajaribu kwenye kompyuta yao. Akaweka mashine ya ndani, kisha Linux mpya ile ile aliyoweka shemeji. Mashine ya ndani ikakataa vile vile. Kumbe si mkono wake ulioharibu!

Nikamwambia anieleze kama mtu wa gumbaru, maana kusoma kwangu kuliishia kwenye masomo ya watu wazima. Akasema Linux ina kiini, kinaitwa kerneli. Mashine ya ndani ina kipande kidogo kinachoshikana na hicho kiini. Kiini kikibadilishwa, kipande cha zamani hakishiki. Lazima kipikwe upya, na kipikwe na faili za kiini hicho hicho kipya. Shemeji hakuziweka hizo faili.

Nikaelewa. Ni kama bibi arusi aliyezoea mama mkwe mmoja, anajua chumvi inakaa wapi, maji ya baba yanachemshwa saa ngapi. Siku moja analetewa mama mkwe mwingine, na bado anamsalimia yule wa kwanza. Lazima nyumba ikatae.

Kerubo akasema, "Mama, hiyo nitawafundishia watu."

Akaweka hizo faili, mashine ya Sironga imeamka. Amerudi na uso wake wa zamani.

Halafu, akiosha sufuria, akasema kitu kama hakina maana. Kerneli mpya hutoka kila mara. Kila ikitoka, kipande kinaweza kukataa tena.

Nikasimamisha ufagio. Kila mara! Basi Mwalimu atakuja kuomba. Akishasaidiwa atakuja tena. Mpaka azeeke. Nimekaanga mayai matatu, Kerubo amekula yote.

Ijumaa, 5 Novemba

Amekuja! Mwenyewe, kwa miguu, matope hadi kwenye soksi. Shule zinafunga, walimu wakuu wanamgombeza, ripoti ziko kwenye mashine ya ndani. Shemeji ameshindwa.

Sikumkaribisha ndani. Nilimpa kile kigoda cha kukamulia.

"Mama Kerubo, tusaidiane. Sisi ni watu wa kanisa moja."

"Matusi uliyasema sokoni," nikamwambia. "Ukweli nao kauseme sokoni."

"Mimi ni mtu mzima, mama."

"Sokoni kuna watu wazima wengi."

Aliondoka bila kuaga. Kerubo alikuwa mlangoni. Mimi nina furaha au hofu, sijui. Na asiporudi? Mtoto wangu atabaki na jina bovu mji mzima.

Jumatatu, 8 Novemba

Mwalimu amesema, pale sokoni. Alisimama karibu na ndizi zangu akanong'ona kitu.

"Sauti, Mwalimu!" nikamwambia. "Wa nyuma hawasikii."

Akasema kwa sauti. Kerubo hakuharibu mashine. Makosa ni ya ofisi. Wamama walipiga makofi, mmoja akamwambia arudie kwa Ekegusii, lugha yetu. Akarudia. Nilishiba kama mtu aliyetoka harusini.

Tukaenda chuoni. Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Kerubo akaandika, skrini ikamkatalia, akasonya, akatia CD yenye zile faili. Maandishi yakakimbia kama siafu. Kisha dirisha likafunguka, na ndani yake Windows. Mwalimu alifuta jasho.

Hapo ndipo mtoto wangu aliponichoma. Akamwita shemeji. "Njoo ukae hapa." Akaifumua kazi yote, akamwambia aifanye mwenyewe. Alipokosea akamrudisha mwanzo. Nilimfinya Kerubo mgongoni. Akasogea tu. Hakuinuka mpaka yule mtu alipoweza peke yake.

Mwalimu akamwambia Kerubo kazi yake ipo, aanze kesho. Kerubo akasema asante, hapana.

Njiani nilimgombeza. "Umewapa kisu chetu! Sasa watakuja kwetu kufuata nini?"

"Sitaki waje, mama. Nikiwaficha kazi hii, kila kerneli ikitoka nitakaa nikimngojea yule mtu. Mimi simngojei tena."

Nimeudhika mpaka sasa. Nilikuwa nimempangia Mwalimu miaka mingi.

Jumapili, 5 Desemba

Kutwa kumetulia. Tumepanda maharagwe upande wa mtoni. Ile shule ya Sironga imemchukua Kerubo, ataanza Januari. Amenunua chaki za rangi, ameziweka dirishani.

Leo akila aliniambia kerneli nyingine imetoka. Alisema hivyo tu, akaendelea na mboga.

Baadaye nilikaa nje nikichambua wimbi. Nikajikuta nimenyamazisha mikono, sikio liko njiani.

Hakuna aliyekuja.

"Mama, unasikiliza nini?"

Nikasema mvua.