Mzee Anselmo, Nilipigwa Chenga Nyumbani kwa Wanjiru

Mzee wangu Anselmo,

Nimeoa! Nimeandika neno hilo nikalitazama mara tatu. Wanjiru ni mke wangu, anaimba jikoni hapa Ruiru, na hata sufuria zikigongana mimi nasikia muziki. Ungenicheka. Tangu tukuzike Thika sijakuandikia, lakini furaha hii imenishinda kuibeba peke yangu.

Ulipokuwa ukinifundisha kutengeneza mashine za kahawa, ulinifundisha pia kucheza beki, kazi iliyokulisha kwenu Hispania hadi goti likakustaafisha. "Usitazame mpira, usitazame uso. Tazama miguu," ulikuwa ukisema, spana mkononi. Mzee, miguu hiyo nusura iniponze.

Siku mimi na wazee wangu tulipokwenda kwa kina Wanjiru kumposa, wanawake, kama ilivyo desturi yao, walifunika watu watano kwa mashuka, wakabakiza miguu tu, ili nimtambue wangu. Shangazi yake akatangaza: "Ukikosea, utarudi baada ya mavuno ya kahawa." Miezi minne! Nikainama, nikaviona viatu vyeupe vya raba nilivyomnunulia mwenyewe. Nikamshika bega aliyevivaa, kwa mbwembwe. Shuka likafunuliwa. Nyanya yake!

"Haiya! Mimi niko tayari, kijana. Twende kanisani."

"Beki wa Ruiru amepigwa chenga!" wakashangilia. Wazee wangu wakaanza kutafuta kofia zao. Miezi minne bila Wanjiru... Mzee, macho yaliniuma.

Ndipo nikakumbuka mechi yako ya kwanza ya kulipwa. Uliniambia winga alikupita mara mbili kabla hujatoka jasho, na watu wakapiga kelele utolewe. "Nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari," ulisema. Ukaacha kumrukia, ukasubiri asogee yeye kwanza. Hakukupita tena, na ukacheza miaka kumi na mmoja.

Nikapiga goti mbele ya shangazi. "Mama, nimepitwa. Nilitaka kujionyesha. Naomba nafasi moja tu."

Aliyejibu ni nyanya: "Mpe. Bega langu amelishika kwa heshima."

Safari hii sikuinama wala sikumgusa mtu. Nilisimama tu mbele ya mashuka manne, mikono nyuma, kimya, hadi nyumba nzima ikanyamaza nami. Shuka la mwisho likaanza kutikisika. Wanjiru hawezi kuzuia kicheko, hajawahi kuweza, na hiyo ndiyo sababu nilimpenda. Nikamwita jina lake. Alitoka analia na kucheka pamoja, mpenzi wangu, miguu mitupu.

Pumzika, Mzee, wewe na goti lako. Nakuahidi kwamba katika nyumba hii sitakuwa na haraka ya kuonekana hodari. Jumapili nitamleta kaburini kwako. Nitasimama nyuma yake, ili umwone yeye vizuri.

Mwanafunzi wako,
Karanja