Mgeni Katoka, Mwenyeji Kajifungia

Jumatatu, 1 Julai 1996

Bwana Machibya, mkuu wangu hapa masjala ya halmashauri, kaniita kabla sijakaa. Mwanafunzi wa kimataifa anakuja kutoka chuo kikuu cha Morogoro. Atasomea maradhi ya ng'ombe, miezi sita. Mimi ndiye nimpokee: chumba, maji, barua ya utambulisho, nimkabidhi kijijini.

"Mgeni ni wa kwako, Januarius. Akipata hata mkwaruzo — majina ya watakaopunguzwa kazi bado hayajatimia."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nina mwaka mmoja tu Bariadi, Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu, na Songea ni mbali mno kurudi mikono mitupu.

Nimenunua mkate, siagi ya kopo, karatasi za chooni. Veronica, mpiga chapa wetu, anasema wazungu hawalali bila chandarua cheupe. Nimenunua cheupe.

Alhamisi, 4 Julai

Si mzungu! Ni dada wa Botswana, mweusi kama mimi. Anaitwa Tebogo. Kashuka kwenye lori la wanunuzi binafsi wa pamba, juu ya magunia matupu. Nimesimama na kibao changu cha KARIBU, nikawa nachungulia nyuma yake.

"Unamtafuta nani mwingine?" Kiswahili safi kabisa.

Wapakizi wa pamba wakaangua kicheko. "Karani, mzungu wako kaiva!" Yeye akacheka kuliko wao. Siagi hataki. Kauliza kama kuna maziwa ya mgando.

Jumamosi, 6 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Tumekwenda kijijini kwa baiskeli, njia ya Nkololo. Nimemkabidhi kwa mzee Mboje, mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wa walinzi wa kijiji. Mambo yote sawa. Chumba ni cha yule bwana mifugo aliyepunguzwa mwaka jana. Mchana, jua kali. Nilikuwa nafunga chandarua.

Kisha sauti ya mwanamke. Kali, ndefu. Ikaitikiwa na nyingine, na nyingine, mpaka vilimani. Mwano! Yowe la Wasukuma la kuitana kufukuza wezi; nilikuwa nimelisikia kwa masimulizi tu. Wanaume wakapita mbio dirishani, fimbo, pinde, mmoja ana povu la sabuni usoni. Nikamvuta Tebogo ndani, nikasukuma komeo.

"Unafanya nini?"

"Usalama wako!"

"Ng'ombe wa watu wanaibiwa!"

"Watu wenyewe hatuwajui!"

"Ndiyo maana tutoke!"

Akang'oa mti wa chandarua, akanisukuma pembeni, akafungua, akaenda.

Na mimi nikafunga tena. Hilo ndilo silielewi. Ya kwanza nilimfungia yeye. Ya pili je?

Kwetu yowe ni simba au msiba. Mama alikuwa akitufungia ndani na kutuambia tusipumue kwa nguvu.

Jioni wamerudi na ng'ombe wote, wanaimba. Tebogo yuko katikati, miguu yote miwili imechanwa na miiba. Mikwaruzo! Mke wa Mboje kamkalisha kwenye kigoda, anamwosha mwenyewe, anamwita ng'wana wane, mwanangu.

Mboje akanijia, taratibu. "Karani, ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa natekeleza maagizo."

Akageuka. Baiskeli yangu hakuna aliyeishikilia nipande, ingawa asubuhi waliishikilia nishuke.

Sasa nipo kitandani na ndiyo kwanza naelewa. Alikuwa ananifungulia njia. Ningesema ndiyo, naumwa!

Jumatatu, 8 Julai

Nimemsalimia Bwana Machibya. Kimya. Nikadhani hakusikia. "Shikamoo, mkuu!" Akageukia taipureta ya Veronica.

"Taipureta, mwambie mtu huyu alete faili la maji."

Nikacheka! Nilidhani ni utani. Veronica kainamisha kichwa. Hakuwa anacheka.

Basi taipureta ikaelezwa yote, na mimi nikisikiliza. Mgeni hana kosa, kaitikia. Aliyeufunga mlango ni karani. Baraza la sungusungu limemtenga: hasalimiwi wala kusemeshwa, hauziwi kitu, hapewi hata kaa la moto, mpaka aitikie mwano mwingine. Habari imeshafika vijiji vyote, na mjini pia.

"Lakini mkuu, hapa ni ofisi ya serikali!"

"Taipureta, mwambie kwamba serikali yangu inafungwa saa tisa na nusu. Baada ya hapo nina ng'ombe kwetu Mwamanyili. Siku wakiibiwa, nitakimbia na nani? Na faili?"

Akaongeza, bila ukali, na hilo ndilo lililonitisha: karani asiyesemeshwa na watu hawezi kuwahudumia watu. Mwisho wa mwezi atapeleka jina langu.

Jumatano, 10 Julai

Bombani wanawake wameinua ndoo zao, zimejaa nusu tu, wakasogea kando. Hakuna tusi. Hakuna hata jicho baya. Sijawahi kupata maji haraka namna ile.

Sokoni muuza dagaa kafunika dagaa.

Nimekula mkate mkavu na siagi ya mzungu.

Ijumaa, 12 Julai

Tebogo kaja mjini! Nimemwona akiingia uani na mama Domitila, mjane aliyenipangisha, nikatoka mbio. Yeye ataniongelesha. Si wa huku, atanihurumia.

Kapita mbele yangu kama mimi ni upepo. Hata yeye!

Anawaamkia watu mwadila, salamu ya Kisukuma, kama mzaliwa. Siku nane tu. Mimi mwaka mzima. Barua zote za kumkaribisha niliandika mimi, mihuri nikapiga mimi.

Kisha akachuchumaa mbele ya kuku wa mama Domitila. "Wewe kuku," akasema kwa sauti, "huyo baba yako si mbaya. Mimi simchukii. Kwetu ng'ombe akipotea hata mchungaji huacha mahubiri. Nilipotoka sikujua njia wala mtu. Nilifuata vumbi."

Mama Domitila akadakia: "Kuku, mwambie na hili. Hakuna anayemtaka akamate mwizi. Wanataka kumwona mbio tu. Hata akija wa mwisho. Hata akianguka!"

Wakacheka, lakini si kicheko cha kusimanga. Kuku akadonoa kiatu changu.

Nimeingia ndani, nikafunga mlango.

Jumapili, 14 Julai

Misa. Wakati wa kutakiana amani, mkono wangu ulibaki hewani. Padri kaona. Kaangalia kitabu.

Mchana huu nimejaribu kupanga sababu zangu. Moja, mimi si Msukuma. Mbili, sijui kutupa hata jiwe. Tatu —

Mwano!

Upande wa mashamba ya pamba, si mbali. Mwanamke. Sasa wawili. Mbwa wote wameamka. Andika, Januarius, ukiandika hutetemeki. Komeo limefungwa. Sikumbuki kulifunga. Miguu inapita barabarani, mingi, mtu anaita jina la mwenzake. Labda si mwano. Labda msiba tu. Ni mwano.

Kuna mtu mlangoni. Hagongi. Namwona kwenye upenyo: mama Domitila. Hasemi, haruhusiwi kusema. Kaegemeza kitu mlangoni, kaondoka na kanga yake mbio kuelekea kwenye kelele. Mama wa miaka ile!

Nimefungua kidogo. Ni fimbo. Ya marehemu mumewe, ile iliyokuwa juu ya mlango wake. Nzito kuliko nilivyodhani.

Vumbi linaonekana kutoka hapa. Wa mwisho wao bado hajafika kwenye mkwaju wa kona ya barabara; nikikimbia nitamfikia. Viatu viko wapi — kimoja hiki hapa, kingine — acha viatu