Foleni nyuma ya kiti changu

Ylva, shoga, niko hapa bustani ya michezo, nimeketi kwenye benchi. Sikiliza.

Unakijua kile kiti cha majaribio, nje ya treni ya kupinduka angani, cha kupima kama mwili unaenea? Nilitaka kujipima kwanza. Kilo 128, nyonga mbovu, foleni ya dakika hamsini: sivumilii yote hayo ili nije kushushwa mbele za watu.

Nikaketi, nikavuta chuma cha kufungia kiunoni. Lazima kilie ta! mara mbili. Kikalia mara moja.

Mara moja tu! Nikasukuma, nikabana tumbo, wapi.

Kugeuka, watu kumi na wanne wamejipanga nyuma yangu. Ndivyo tulivyo sisi Waswidi: tunajipanga kwanza, kuuliza baadaye.

Baba mmoja mwenye aiskrimu akathubutu: “Samahani, hii foleni ni ya nini?”

“Ya kunitazama nikipigana na tumbo langu.”

“Aa, sawa,” akasema. Na akabaki! Wote kumi na wanne wakabaki, Ylva!

Bibi wa nyuma yake akachoka kungoja. Akaja na mkoba wake: “Mwanangu, toa pumzi. Yote, usibanie!” Nikatoa. Akakandamiza chuma kwa viganja viwili.

Ta!

Hakuna aliyepiga makofi. Yule baba akasema tu, “Hongera. Sasa nipishe, ni zamu yangu.”

Nimepanda, shoga. Nimepiga mayowe mpaka sauti imekauka, na chuma hakikulegea hata kidogo.